Breki za Mama Sulastri na Rafiki Asiyenisemesha

Mpendwa Shangazi Murni,

Naomba unisaidie, maana mimi ni Mbatak, nikisema jambo jirani wa tatu anasikia, na rafiki yangu Sugeng ni Mjava wa hapa hapa Semarang, akisema jambo hata aliyekaa mbele yake hana uhakika kama ameambiwa, na sisi wawili ndio tumefungua gereji. Tulikuwa mafundi kwenye gereji moja kubwa ambako kila gari lililoingia lilitakiwa litoke na kifaa kipya, cha zamani kiwe kibovu kisiwe, mimi nikaropoka mbele ya wateja nikafukuzwa, na Sugeng, ambaye hakuna aliyemfukuza, akavua ovaroli lake, akalikunja vizuri, akanifuata nje akasema, "Kaka Lindung, uongee na wateja peke yako? Si utafilisika kabla ya kufungua." Namshukuru mno, Shangazi, ndugu yangu wa damu asingefanya hivyo, na gereji inakwenda, watu wanakuja kwa sababu hatugusi kitu bila ruhusa yao na tukibadilisha kifaa tunawapa kile cha zamani mkononi.

Sasa wiki ya Idi alikuja Mama Sulastri, mwalimu mstaafu, kubadilisha oili ili aende kwao Wonosobo, milima mitupu, Sugeng akaona pedi za breki zimelika karibu na chuma, akamwambia, "Mama, ukipata nafasi, pengine si vibaya breki zikaangaliwa." Mama akashukuru, akaondoka. Sugeng aliponisimulia nikarukia pikipiki, nikamkuta nyumbani anapakia wajukuu mbele ya ukoo mzima, nikapaza sauti, "Mama, unataka kuwaua hawa watoto?" Akalia. Tukambadilishia pedi siku hiyohiyo, akaenda akarudi salama, na juzi kaleta sufuria la kuku na ketupat, ule wali wa Idi unaopikwa ndani ya majani ya mnazi, akampa Sugeng, "wewe kijana mpole uliyenieleza vizuri."

Kuku nilikula, Shangazi, sina kinyongo. Kinachoniuma ni kwamba tangu siku ile ya breki Sugeng ananisemesha kwa adabu kama mteja, na jana kaniambia nitafute mwenzangu mwingine, "ukipata nafasi." Kwa Sugeng, hiyo ni kufukuzwa. Je, niombe radhi kwa kusema kweli? Bila yeye sina gereji.

Parlindungan

*

Lindung,

Kwanza pokea asante yangu kwa safari ile ya pikipiki. Wajukuu wa watu wamekula Idi wakiwa wazima, na hilo umelifanya wewe.

Lakini mama wa umri ule humuulizi kama ni muuaji mbele ya ukoo wake. Unamvuta pembeni. Nenda kwake ukaombe radhi kwa kelele, si kwa breki.

Sugeng, najua utasoma hapa gazetini, basi na wewe kaa vizuri. Jambo ambalo mteja hakulisikia hujalisema. Upole wako nusura umtupe mama wa watu korongoni, na kuku wake ukampokea. Ulipaswa kumwambia hapo hapo kwamba aliyewaokoa wajukuu wake ni yule wa pikipiki.

Kuanzia kesho, Sugeng aongee na mteja, wewe Lindung ushike spana na ufunge mdomo. Akimaliza, mteja arudie kwa kinywa chake gari lake lina nini. Asipoweza, ufunguo hautoki, na hapo ndipo zamu yako inafika, kwa sentensi moja.

Na jingine. Umeniandikia kwamba unamshukuru, kwamba nduguyo wa damu asingefanya alichofanya yeye. Nimeisoma barua mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mwenyewe. Sikupaona. Wewe, unayemwambia kila mtu kila kitu! Mtu kaacha mshahara akakufuata nje, na asante yake umeniletea mimi. Ipeleke kwake leo, na hiyo unaruhusiwa kuipigia kelele.