Nguo za Shamba

Naguru, Kampala
14 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Mulembe! Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa. Sisi huku hatujambo. Cleopas anahangaika na duka lake la matairi kule Kisenyi kama kawaida, na Nakhisa anaota magego. Akilia asubuhi, mchana ameshasahau. Kwa kuwa simu umeikataa, nimempa Abdunoor barua hii alipokuja na lori lake kushusha chumvi. Akirudi Kimilili atakufikishia.

Mama, tarehe 17 Mei mjukuu wako anatimiza miaka miwili, na tunamfanyia sherehe ya shamba. Yaani kila kitu kitakuwa cha shamba: robota za majani makavu za kukalia, ndama, mbuzi wawili, bata, sungura, keki yenye sura ya ng'ombe, na beseni kubwa la udongo ili watoto wapande mbegu. Kuna kampuni inayoleta kila kitu na kuondoa kila kitu. Wageni wote watavaa nguo za shamba. Ningeomba pia ungo wako, jembe la marehemu Baba na kile kibuyu cha maziwa, tuvitundike ukutani vipendeze.

Njoo, tafadhali. Hujamwona Nakhisa tangu alipokuwa na wiki sita. Rafiki zangu pia wana hamu nawe. Nimewaambia mama yangu ana shamba kubwa Bungoma.

Mwanao,
Nangila


Kimilili
22 Aprili 2025

Kwako binti yangu Nangila,

Nimepokea salamu zako nami nazirudisha. Goti halijapoa, ila bado linanifikisha shambani na kunirudisha. Mvua imekuja, Mungu ashukuriwe. Ng'ombe naye anakusalimu, maana nasikia siku hizi huko kwenu ng'ombe ni mgeni wa heshima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unaumwa. Mara ya pili nilimsomea jirani yangu Mama Akech, akacheka mpaka akakaa chini. Hebu nieleze vizuri. Mnawalipa watu wawaletee majani makavu? Na ndama wa kukodi, akinya, kinyesi kinabaki kwenu au kampuni inaondoka nacho? Umeandika kwamba wanaondoa kila kitu, ndiyo maana nauliza. Na huo udongo wa kwenye beseni, mmeshauosha?

Halafu hilo shamba kubwa ni la nani? Langu ni ekari moja na robo, na hiyo robo bado tunaigombania na Khaemba wa ng'ambo ya mto.

Unajua jina lako lilitoka wapi. Nilikuwa natoka kupalilia mahindi, uchungu ukanishika kabla sijafika nyumbani, nikakuzaa njiani. Nilikufunga kwa leso ileile niliyokuwa nikijifutia jasho. Ndiyo maana ukaitwa Nangila, mtoto wa njiani. Siku hiyo hakuna aliyevaa nguo za shamba ili apendeze. Tulizivaa kwa sababu hatukuwa na nyingine.

Jembe la baba yako halitundikwi, linalima. Kibuyu kina maziwa. Ungo una maharage.

Kuhusu kuja, nitafikiri.

Mama yako


Naguru, Kampala
30 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, ingawa barua yako imenichoma.

Mimi sikukuandikia ili nichekwe na Mama Akech. Watoto wa huku wanakulia kwenye lami. Juzi Nakhisa aliona ng'ombe kitabuni akamwita mbwa. Nikaona aibu, nikaamua angalau siku moja aguse mnyama, aguse udongo. Kama huo ni ujinga, basi ni ujinga wa mama anayempenda mwanawe.

Picha yako iko karibu na kitanda chake. Kila asubuhi namwonyesha, namwambia, "Huyu ni Kukhu, bibi yako." Sasa anaisema mwenyewe: Kukhu, Kukhu, mpaka uji unapoa.

Hivyo vyombo viache. Njoo wewe. Nakuomba mambo mawili tu: usije na ubishi, na uvae nguo za shamba kama wengine, usionekane tofauti peke yako.

Mwanao,
Nangila


Kimilili
8 Mei 2025

Binti yangu Nangila,

Sijambo, nami nawaombea afya. Nitakuja. Siji kwa ajili ya keki yenye pembe. Nakuja kwa ajili ya huyo anayeniita.

Nitamletea kuku. Wewe umesahau mengi lakini hili hukulisahau, natumaini. Kuku wa mjukuu hatumwi na dereva. Bibi humleta mwenyewe, humtia mtoto mikononi, na hachinjwi. Vifaranga vyake ni vya mtoto. Mimi nilipewa wangu na bibi yangu mzaa mama, na ukoo wa kuku yule ndio uliokulipia sare ya shule. Nimechagua mtetea mwekundu, mpole, hadonoi.

Nguo za shamba ninazo. Katika mambo yote uliyoniagiza, hilo peke yake halikunipa shida.

Mama yako


Naguru, Kampala
18 Mei 2025

Mama,

Salamu. Nakuandikia nikiwa na hasira, nisamehe.

Mtu mzima anaondokaje bila kuaga? Tulipotaka kukata keki ndipo nikaona hupo. Tumekutafuta vyumbani, barabarani, mpaka kwenye nyumba za polisi huko juu. Odyek, mlinzi wetu, anaapa hakukuona ukitoka. Cleopas hakulala. Leo asubuhi Abdunoor anapiga simu anatuambia uko kwenye lori lake na mmekaribia Malaba! Na kuku pia haonekani. Nakhisa anazunguka uani akimtafuta.

Najua ulinuna tangu ulipofika. Lakini nilikuwa na wageni arobaini, nisingeweza kukaa nimekushika mkono siku nzima. Ungevumilia japo saa mbili zaidi kwa ajili ya mtoto.

Mwanao,
Nangila


Kimilili
25 Mei 2025

Kwa Bibi Nangila, mwenye sherehe,

Salamu kutoka shamba kubwa. Nilifika salama. Kuku naye alifika salama.

Unauliza mtu mzima anaondokaje bila kuaga. Nitakueleza, na usinikatize, maana barua ina uzuri huo.

Basi letu lilichelewa mpakani. Nilifika kwenu saa sita, wageni wamejaa. Nilikuwa nimevaa ulivyoniagiza: lile gauni langu la kijani lenye kiraka begani, leso kiunoni, na zile buti za mpira ambazo ya kushoto nimeiziba kwa gundi. Huyo Odyek wako alinitazama miguu kabla ya uso. Akasema, "Mama, wafanyakazi ya kampuni wanapita kwa mlango ya nyuma." Nikajiambia, huenda akina mama wote wanapita nyuma. Nikapita.

Nyuma nikakutana na mwanamke anayeitwa Lamunu, ndiye mkubwa wa hiyo kampuni. Alikuwa na haraka. "Nyabo, umechelewa! Kaa hapa kwa majani. Hiyo kuku shika vizuri, watoto watapiga picha." Akanibandika beji ya kampuni kifuani. Nikakaa. Sikutaka ubishi, si ndivyo tulivyokubaliana?

Kutoka pale nikawaona wakulima wenu. Ovaroli zimepigwa pasi! Kofia za majani hazijaona jua! Kuna mwanamume alikuwa ameshika reki kichwa chini, anapigwa picha. Hao ndio niliotakiwa kufanana nao. Katika watu wote wa pale, aliyevaa nguo za shamba nilikuwa mimi na ndama.

Kisha nikakuona. Nawe ukaniona, Nangila, usiseme hukuniona. Ulikuja hatua kumi hivi, unatabasamu, nikaanza kusimama. Ndipo yule rafiki yako, mke wa afisa wa polisi, yule mnayemwita Alum, akakushika mkono akasema kwa sauti, "Nangila, hii mzee mumetoa wapi? Anafanana ya kijiji kabisa! Mpaka viatu!" Wakacheka wote. Nami nikangoja.

Ukasema, "Ni wa kampuni."

Ukageuka ukaenda kuwatazama sungura.

Sikuondoka hapo hapo. Nilikuwa na kazi ya kumkabidhi mtoto kuku wake. Watoto walipangwa mstari, mjukuu wangu akawa wa tatu. Alipofika alinitazama, akaachia mkono wa yaya, akasema, "Kukhu." Lamunu akasema, "Eh, hii katoto imezoea watu!" Nikamtia kuku mikononi, nikamwombea kwa sauti ya chini, na nikamshika kichwa. Kisha ukaja wewe ukamchukua. Ukaniambia, "Haya, asante mama," kwa ile sauti ya kumshukuru mtu wa kufua.

Saa tisa, kabla ya keki, waliondoa wanyama wasije wakanyea karibu na chakula. Wakamtia kuku wangu kwenye tenga pamoja na bata wao. Lamunu akaniita, "Mama, panda gari, tunachelewa!" Nilitazama kule kwenye hema. Ulikuwa unacheka. Nikapanda. Mbuzi mmoja alinilalia goti lile lenye maumivu njia nzima, na nakwambia ukweli, siku ile hakuna mwingine aliyenikaribia kiasi hicho. Wakanishusha Wandegeya. Pale nikawaambia kuku ni wangu, wakanipa bila maneno, na bodaboda akanifikisha Kisenyi, Abdunoor anakoegesha lori lake.

Mkwe wangu simlaumu. Alikuwa bado kwa mwoka keki.

Ndani ya mfuko wangu wa safari mlikuwa na gauni la maua ya zambarau, lile la kanisani. Nilikuwa nimekusudia kulivaa wakati wa kuomba. Halikutoka mfukoni.

Beji ninayo. Nimeibandika pale jembe la baba yako linapoegemea. Angalau nawe umepata kitu chako cha kutundikwa ukutani.

Mzee wa kampuni


Naguru, Kampala
3 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Hata kuuliza hali yako naona haya. Cleopas ameisoma barua yako, na siku mbili sasa hazungumzi nami.

Kila neno uliloandika ni kweli. Nilikuona. Sikuwaambia tu kwamba una shamba kubwa; niliwaambia una trekta, una vibarua, na unakuja kwa gari lako. Niliwaambia hayo kidogo kidogo kwa miaka mitatu, kwa sababu kila mmoja wao ana cha kusema na mimi sikuwa nacho. Alum alipouliza, niliona uongo wangu wote umekaa pale kwenye majani umeshika kuku. Nikasikia mdomo wangu ukisema. Baada ya hapo nilingoja nafasi ya kuja kukunong'oneza, na kila nilipoipata niliiogopa.

Na nguo nilikuvalisha mimi mwenyewe. Ulinitii, nami nikakuonea aibu kwa kunitii.

Nisamehe, Mama. Nimekosa.

Mwanao, kama bado,
Nangila


Kimilili
9 Juni 2025

Nangila,

Hatujambo. Kuku anaatamia mayai kumi na moja.

Uliniruka mbele ya watu arobaini, mchana kweupe, kwa sauti. Msamaha unaniletea kwa siri, umekunjwa mara nne, chini ya kiti cha dereva wa chumvi. Aliyenikana hadharani hawezi kunikubali ndani ya bahasha.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kuniambia.

Kukhu wake Nakhisa


Naguru, Kampala
17 Juni 2025

Mama,

Mulembe. Nina la kukuambia.

Wale rafiki zangu hukutana Jumamosi kwa Alum. Jumamosi hii nilikwenda na Nakhisa, na nilikwenda na ile picha yako ya karibu na kitanda. Niliiweka mezani katikati ya vikombe, nikawaambia, "Yule mzee wa kuku ni mama yangu. Hana trekta. Ana ekari moja na robo. Alinizaa njiani akitoka kulima, nami nilimkana mbele yenu kwa sababu mlicheka." Nakhisa akaidonoa picha kwa kidole, akasema, "Kukhu."

Wawili waliaga wakaenda zao. Mmoja alicheka, nikamwacha acheke. Alum aliichukua ile picha akaitazama. Kisha akasema, "Mama yangu iko Apac. Miaka tano niko hapa Naguru, sijaleta yeye hata siku moja." Akalia mbele yetu, Mama, mwanamke yule anayeogopwa na mtaa mzima.

Tunataka kuja Jumamosi tarehe 28, mimi na Nakhisa. Alum ameomba aje nasi akupigie magoti. Cleopas ametupa gari. Ukikataa nitaelewa, ila nitakuja hivyo hivyo nisimame barabarani ili majirani wanione.

Mwanao,
Nangila


Kimilili
22 Juni 2025

Nangila,

Sisi wazima. Vifaranga vitaanguliwa wiki hii, mwambie mwenyewe aje avihesabu.

Huyo Alum wako mwambie asinipigie magoti, hapa kuna matope na mtamwosha ninyi. Avae nguo za shamba. Nasema nguo za shamba, si ovaroli ya pasi. Maharage yameiva, na mimi na goti langu hatuwezi kuyang'oa peke yetu. Robota za kukalia hakuna. Ndama hatumkodishi. Akitaka kupiga picha na mzee wa kijiji, amng'olee kwanza mistari miwili.

Yeye ni mgeni. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo siku mbili zake atapewa, atakaa kivulini anywe chai akitaka.

Wewe si mgeni. Beji nimeibandua nikaitia motoni. Jembe la baba yako utalikuta mlangoni Jumamosi asubuhi, nimelinoa.

Mama yako