Anayebaki Kwenye Kumi

Timau,
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako, nataka kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ninapoogopa, hasa mtu mzima anaponisemesha mbele ya watu, mimi hutafuta namba yoyote iliyo karibu, nikajumlisha tarakimu zake kimoyomoyo nione kama inagawanyika kwa tatu. Huwa namba ya gari, au ya wimbo kwenye ubao wa kanisa. Ndiyo sababu wageni wakija nyumbani hunikuta nimekodolea macho kalenda, na Baba husema sina adabu.

Sasa, mgongo unaendeleaje? Mvua imefika huko Embu? Maharagwe yametoa maua? Sisi huku tu wazima. Baridi ya Timau ni ileile. Asubuhi ngano huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na Shangazi huenda shamba la maua akiwa na sweta mbili na koti la mumewe.

Habari kubwa ni kwamba nimekuwa mwalimu bila kuomba. Jumamosi akina mama hufanya kazi shambani hadi mchana, na watoto hukaa katika kanisa letu la mbao. Shangazi aliwaambia wenzake, "Mpeni Wawira, yeye hushinda na vitabu tu." Nikapewa watoto wa darasa la nne na la tano. Huniita Ticha, nami siitiki mara ya kwanza, nikidhani anaitwa mtu mwingine.

Niliamua kuwafundisha njia za kutambua kama namba itagawanyika bila kubaki kitu, kabla hata ya kuanza kugawanya. Ya mbili na ya tano walizishika mara moja, maana unatazama tarakimu ya mwisho tu. Ya tatu ndiyo iliyowapendeza. Unajumlisha tarakimu zote, na jumla ikigawanyika kwa tatu, namba yenyewe pia itagawanyika. Wakawa wanajaribu kila kitu. Mutwiri, mvulana asiyeweza kukaa chini, alikimbilia barabarani kutazama trekta lililokuwa likipita, akarudi akipiga kelele, "Ticha, trekta la ngano linagawanyika!"

"Wewe ndiye utagawanyika likikugonga," akasema Kendi.

Kendi ni msichana mdogo mwenye sauti nzito, anakaa na nyanya yake ng'ambo ya kijito. Ndiye pekee aliyeuliza, "Lakini kwa nini, Ticha? Nani aliziambia hizo tarakimu?"

Nilitaka kumwonyesha. Nikawatoa nje, nikasimamisha kumi kwenye mstari, nikimgusa kila mmoja kichwani na kuhesabu kwa sauti. Tisa nikawapanga katika safu tatu za watatu watatu. Wa kumi, ambaye ni Kendi, akabaki peke yake. "Mnaona?" nikasema. "Kila kumi huacha mmoja."

"Kendi ni baki!" Mutwiri akaimba, na wenzake wakapokea. "Baki! Baki!"

Nyanya yake alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni. Akautua. "Wewe msichana wa Embu," akaniambia kwa Kimeru, nami nilielewa kila neno, "kwenu watoto wa watu huhesabiwa kama magunia?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Umemhesabu, kisha umemtoa." Akamshika Kendi mkono wakaenda zao. Yale majani yalibaki pale njiani hadi jioni.

Mama, nilijua kwamba kwetu kuhesabu watu au mifugo ni kuita balaa. Hata Baba hahesabu mbuzi. Hutazama tu zizini akajua ni yupi hayupo. Nawe ukiulizwa una watoto wangapi, hujibu kwamba ni hao wanaoonekana. Lakini shuleni tunahesabiwa mstarini kila asubuhi, nami nikachukua desturi ya shule nikaipeleka kusiko kwake. Nisilolijua Shangazi alinieleza tukipika. Mdogo wake Kendi aliugua mwaka jana, akapelekwa hospitali kule Nkubu, hakurudi. "Mama mzee amebaki na huyo mmoja," akasema, "nawe ukamweka kando mbele ya macho yake."

Jumamosi iliyofuata Kendi hakuja. Alikuwa amekatazwa. Nilimwona amesimama nyuma ya ua wa kanisa, akisikiliza kwa mbali, na Mutwiri hakuimba kitu siku hiyo. Shangazi alitaka kwenda kuniombea radhi. Nikasema nitakwenda mwenyewe, nikashangaa kusikia ni mimi niliyesema.

Nyumba za wafanyakazi huku zina namba za rangi nyeupe milangoni. Ya nyanya iko nje ya shamba, na mlango wake hauna namba. Nilitazama kila mahali, sikupata hata moja. Nikabisha.

Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. "Keti," akasema. "Usinisimamie kama askari." Nilimwomba radhi kwa Kiembu kilichochanganyika na Kimeru cha kuokoteza. Akauliza, "Huyo unayemwacha, yeye huenda wapi?"

Hilo nilikuwa na jibu lake. Nilimwomba maharagwe nikamwonyesha. Kila kumi huacha moja, na kila mia huacha moja. Yanayobaki hayatupwi. Hukusanywa pamoja na yale ambayo hayakutimia kumi, na hayo ndiyo yanayotazamwa. Yaliyokwisha kupangwa hayaulizwi kitu tena.

"Yanayobaki ndiyo yanayoamua?"

"Ndiyo yanayoamua, nyanya."

Akaendelea kuchambua. Kendi alikuwa mlangoni akijifanya anafagia. "Maharagwe hayana mama," nyanya akasema mwishowe. "Hayo hesabu mpaka uchoke." Akanijazia kopo. Hakusema kama Kendi atakuja, nami sikuuliza.

Nisalimie Baba, na ukiona inafaa umweleze habari ya kalenda. Msalimie kaka Njeru, mchungaji wetu, pamoja na mbuzi wake wasiohesabiwa. Msalimie pia mama mkubwa, mpishi wa shule ya msingi, umwambie sijaonja githeri kama yake tangu nije huku. Na ule mgongo, acha Njeru abebe maji.

Jana Jumamosi nilifika kanisani mapema. Niliunganisha benchi mbili, nikamwaga maharagwe juu yake. Watoto walipoingia sikuwahesabu. Nilitazama tu, kama Baba, nikaona hakuna asiyekuwepo. Nikampa Kendi kopo ashike, tukaanza.

Mwanao,
Wawira