Bamba Lililolazwa Kifudifudi

Mjukuu wangu Kostantino,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea hapa Mjimwema. Sisi wazima, goti la babu yako linamsumbua, ila palizi haachi.

Umeniuliza kwa nini Wakristo wa kale huko China walilifukia jiwe lao la maandishi, lile lenye msalaba, badala ya kulilinda. Historia yao siijui. Namjua mama yangu.

Tulipohamishiwa kijiji kipya, alililaza kifudifudi bamba la saruji la kaburi la mdogo wangu, akalifukia. Jina nilikuwa nimeliandika mimi kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi. Nilimnunia njia nzima, nikidhani anamtupa mwanawe.

Baada ya miaka tulirudi pale kulima mahindi. Kwenye makaburi mengine mvua ilikuwa imefuta majina yote. Jembe langu likagonga saruji. Tuliliinua bamba, mama akalipangusa kwa kanga, na herufi zangu zilikuwa kama za jana. Hakunisuta. Alisoma tu kwa sauti:

"Kostantino."

Ulipozaliwa wewe, hatukuhangaika kutafuta jina.

Ni mimi bibi yako.