Godoro Lililoshonwa kwa Uzi Mweusi

Mama Mwajuma,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Ya kwako naogopa kuiuliza, basi nianze na ya kwetu. Tupo wote sita, hapa hapa Mirongo, nyumba ile ile, na bati la jikoni linavuja pale pale ulipokuwa unaweka sufuria. Nakusikia: "Hujaliziba tu?" Sijaliziba. Na sufuria nayo haijahama.

Mwandiko wangu usiucheke. Ni wewe uliyesema naandika kama ninavyoshona magodoro: sindano ndefu, uzi mnene, na upande wa ndani aujue Mungu.

Nina jambo la kukueleza. Ni la aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Niache nilieleze polepole, nikianza na mwisho sitaweza.

Unakumbuka ulivyokuwa. Uko uani unachagua mchele, mimi niko barazani nachapa pamba kwa fimbo, nyusi zimekuwa nyeupe kama za babu yangu. Watoto wako nyuma huko kwenye majabali. Mara unainua kichwa. "Baba Mwajuma, sisikii kitu. Nenda kaangalie." Mimi nabisha, nasema si afadhali wametulia? Wewe wala hujibu, unanyoosha kidole tu. Nikienda namkuta Hamisi amemfunga Kulwa kwenye mpera, Doto ameshika ncha ya kamba, na Mwajuma anawauzia wenzao nafasi ya kutazama.

Basi tangu arobaini yako ilipopita, nyumba hii ilikaa kimya karibu miezi mitano.

Sisemi kimya cha msiba, kile nakijua. Hiki kilikuwa kimya cha adabu. Naamka, uji wa michembe ya viazi uko mezani, hauna hata donge moja. Uani kumefagiwa. Hamisi, mtoto anayeweza kugombana na kivuli chake, ananiamkia "Shikamoo Baba" mara mbili kila asubuhi, ya pili ya akiba. Kulwa na Doto wanapeana mkate. Na Tatu wetu, na miaka yake miwili na nusu, akianguka anatazama kwanza huku na huku, halafu anameza kilio. Umewahi kumwona mtoto mdogo vile akimeza kilio? Mimi niliona kwa macho yangu, na mumeo kwa akili zake akasema: mashallah, amekua.

Usidhani sikushuku. Nilishuku kila kiumbe.

Nilianza na Mama Shabani, jirani. Aliniletea vitumbua, akasimama mlangoni, akasema, "Baba Mwajuma, hawa watoto unawafanyia nini? Mbona wapole hivi?" Nikasema moyoni, anayeuliza ndiye anayejua. Huenda mama huyu mjane ana dawa yake, ameanza na watoto, atamalizia na baba. Kitumbua cha kwanza nikampa jogoo wake. Jogoo akala, akaruka juu ya ukuta, akawika vizuri kuliko siku zote. Vilivyobaki nikavila vimepoa, peke yangu, kwa aibu. (Najua unachotaka kuuliza. Hanivizii. Mtu mwenye pamba puani nani amvizie?)

Kisha nikamshuku Dada Zena. Hapa lazima nikurudishe nyuma, maana hukuwepo, ingawa tulikuwa tumekutana kwa ajili yako.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo na pilau, wazee walibaki sebuleni. Dada Zena akakunja miguu, akasema, "Ramadhani mdogo wangu, mwanaume hawezi kulea watoto watano na magodoro. Tuwagawe. Mwajuma na Tatu nitawachukua mimi, tukae Ukerewe. Hamisi aende Bukoba kwa mjomba wake. Hawa mapacha, mmoja kule, mmoja huku kwangu, maana wote wawili hakuna mwenye nguvu nao." Watu wakaguna kukubali. Shemeji yako mmoja akasema tusiwe na haraka, tutazame mpaka shule zifungwe. Mambo yakimshinda Ramadhani, ndipo tugawe. Wote wakanigeukia mimi. Nilichojibu nitakuambia nikifika.

Kwa hiyo Dada alipokuja kutusalimia mwezi wa tisa, nilimwangalia mikono. Naye aliniangalia mimi. Akafunua vyungu, akapitisha kidole juu ya kabati, kidole kikatoka safi. "Ramadhani," akasema, "nyumba ya mwanaume haiwi hivi. Kuna mwanamke humu. Yuko wapi?" Dada yangu na mwili wake ule akainama kuchungulia chini ya kitanda! Alipoinuka akanikazia macho, nami nikamkazia, tukaagana hivyo, kila mtu anamshuku mwenzake, watoto wamejipanga mlangoni kama askari wanasema, "Kwaheri Shangazi, usalimie nyumbani."

Halafu kazi ikazidi. Uhuru ulikuwa unakaribia na kila mwenye nyumba ya wageni alitaka magodoro, maana wageni wa Uhuru nao lazima walale. Nikawa nachapa pamba asubuhi mpaka jua linazama. Kula nakula, watoto nawahesabu kwa vichwa, kama mtu anavyohesabu ndoo kwenye foleni ya bomba. Watano? Watano. Bismillah.

Siku ya jambo lenyewe ilikuwa Alhamisi, wakubwa wako shule, Tatu yuko kwa Mama Shabani. Kulwa nilimwona anatoka na mfuko wake, Doto nilimwona anamfuata baadaye kidogo. Nikaona nilianike godoro la watoto kwenye jabali, lile kubwa nililoshona mapacha walipozaliwa. Kulinyanyua, zito. Likalia ndani kama gunia la vyombo. Nikaligeuza. Upande wa chini, karibu na pembe, nikaona mshono wa shubiri mbili, uzi mweusi.

Mimi sijatumia uzi mweusi tangu nianze kazi hii. Na zile hazikuwa hatua za sindano yangu. Zilikuwa ndogo, zimebanana, zimenyooka. Mama Mwajuma, ulikuwa mkono wako. Mkono wako mtupu, na wewe mwezi wa sita huu uko makaburini.

Niliketi chini. Nikasema ndiyo hii sasa. Mtu ameweka kitu humu, hirizi au jambo baya zaidi, ndiyo maana wanangu wamefungwa midomo. Nikasoma sura zote ninazozijua, ambazo wewe unajua si nyingi, nikazirudia, nikachukua wembe.

Kilichotoka kwanza ni bakuli lako la maua, lile la mama yako la Bukoba, vipande vinne. Kikafuata chimni ya taa, ile niliyotangaza mtaa mzima kwamba imeibiwa. Shati la shule la Hamisi, halina mkono mmoja. Shuka ambalo Tatu alilikojolea likashindikana kutakata. Nusu ya kandambili yangu. Na chini kabisa, karatasi imekunjwa mara nne, ina jina langu. Ni ya mwalimu. Anasema mtoto Doto hajaonekana shuleni tangu Jumatatu, ndugu yake anasema anaumwa, tafadhali mzazi utujulishe.

Doto! Doto niliyekuwa naye asubuhi ile ile! Nilimwambia, "Doto, kunywa uji taratibu," akanijibu, "Ndiyo, Baba."

Wewe ulikuwa unawatofautisha kwa mlio wa nyayo, umewapa mgongo. Mimi nawatofautisha kwa kuwauliza. Na siku nne nzima nilikuwa nauliza, na Kulwa ananijibu. Alikuwa anakunywa uji wake, anatokea mlango wa uani, anabadili shati, anarudi kwa mlango wa mbele, anakunywa uji wa Doto. Mtoto alikuwa ameota kitambi, nami nikajisifu kwamba nawalisha vizuri.

Sikuhitaji kutafuta sana. Kilichokuwa kimebaki ni stoo ya pamba. Nyuma ya marobota walikuwa wamemchimbia shimo ndani ya pamba, kama kiota. Amelala humo, anachemka kama pasi ya mkaa. Kitambaa cha kwenye paji la uso kilikuwa kimekauka. Pembeni kikombe cha maji kimefunikwa kisahani ili nzi wasiingie. Huyo ni Mwajuma, si unamjua.

Doto akafungua macho, akaniona. Akasema, "Baba, mimi siumwi. Mimi ni Kulwa."

Hapo naomba niweke kalamu kidogo.

Nimerudi. Nilimbeba nikakimbia naye mpaka hospitali, peku, pamba imetujaa wote wawili, watu njiani wananipisha. Malaria. Muuguzi akanitukana matusi ya adabu, yale yanayoanza na "Mzee wangu." Nilistahili. Siku mbili sikujua kama nitakuandikia barua au kama mwanao atakuja kukueleza mwenyewe. Siku ya tatu akaomba furu wa ziwani, wa kukaanga, wenye limau, na wasiwe na vichwa. Nikajua amebaki.

Mwajuma alinikuta siku ile ya kwanza kwenye baraza ya hospitali, amekimbia kutoka shule, kiatu mkononi. Nikamuuliza, "Nani alishona lile godoro?"

"Mimi. Mama alinifundisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akatazama chini. "Shangazi alisema mambo yakikushinda tutagawanywa. Tukaona yasikushinde." Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na wewe, Baba, ulisema sawa."

Ndiyo nimefika, Mama Mwajuma. Walikuwa nyuma ya pazia siku ya arobaini, wote, hata Tatu mgongoni kwa dada yake. Wazee waliponigeukia, mumeo alisema, "Sawa." Sikusema nitafikiri, wala sikusema niacheni nimlilie mke wangu kwanza. Sawa. Kama mtu aliyeulizwa godoro la futi ngapi.

Mimi nilimshuku jirani, nikamshuku dada yangu wa tumbo moja, nikamshuku hata jogoo. Miezi yote ile kulikuwa na watoto watano wanaonitazama kila jioni ninapoingia, wanasoma uso wangu kama nimekasirika, kama nimechoka, kama ndiyo leo. Aliyeshukiwa katika nyumba hii nilikuwa mimi. Na hawakukosea.

Uhuru umekuja, nikuambie na hilo. Watoto walipewa vibendera, Doto akavaa sweta juani kwa amri ya dada yake, mtaa mzima ulijaa nyumbani kwa mwenye redio. Nilikutafuta kwenye kundi la kina mama waliovaa kanga mpya. Mazoea tu.

Wiki iliyofuata Dada Zena akashuka kutoka Ukerewe na sanduku tupu. Shule zimefungwa, amekuja kuchukua mgao wake. Nikamkaribisha, nikatandika mkeka, nikavipanga vyote mbele yake: bakuli, chimni, shati, shuka, nusu ya kandambili, barua ya mwalimu. Watoto wamesimama ukutani, kimya kama kawaida.

Nikasema, "Dada, hawa watoto ni wabaya. Wanavunja, wanaficha, wanasema uongo, mmoja anakula kwa jina la mwingine. Siwezi kuwapeleka kwa watu wenye heshima zao. Itabidi nikae nao mwenyewe."

Dada akaokota kipande cha bakuli, akakigeuza. Akamwambia Doto asogee, akamshika shingo kupima joto. Akamuuliza, "Wewe nani?"

"Doto, Shangazi."

"Kweli?"

"Wallahi."

Akanigeukia mimi. "Na wewe hufai kuachiwa watoto, Ramadhani."

"Sifai, Dada. Lakini ni wangu. Nilikosea kusema sawa."

Mbele yao nilisema, kwa sauti, kila mmoja asikie. Hamisi akaanza kulia, yule mkorofi. Tatu alipomwona naye akalia, kilio chote alichokimeza miezi mitano, mpaka Mama Shabani akaja kuuliza nani kafa. Dada Zena akajifuta macho na ncha ya kanga, akasema kwa hasira, "Haya. Na nywele za huyu mtoto atasuka nani?" Akafungua sanduku lake tupu, akaweka ndani vile vipande vya bakuli, akasema kuna fundi Nansio anajua kuunga. Aliondoka na hicho tu.

Nywele namsuka mimi. Usitazame.

Na kwa kuwa kila mtu ametubu, nitubu na mimi. Kile kioo chako cha arusi hakikuibiwa na jirani yule wa kwanza, uliyemnunia mpaka akahama. Nilikivunja mimi kwa fimbo ya pamba, nikakishonea ndani ya godoro la mteja. Kwa hiyo wanao usiwalaumu, ni damu. Nisamehe, na kama huyo jirani yuko huko, msalimie.

Godoro la watoto nimeliacha wazi pale pembeni. Barua hii nitaitia humo, kati ya pamba, kisha Mwajuma atalishona kwa uzi wake mweusi. Watalala juu yako na juu yangu. Nakuahidi, mke wangu: watano hawa watakua chini ya bati hili, linavuja hivyo hivyo, na hakuna atakayemeza kilio kwa ajili yangu tena. Bati nalo nitaliziba. Hilo la mwisho usilishikilie sana.

Pumzika, Mama Mwajuma. Wakati naandika haya wamekuwa wakipigana huko nyuma tangu adhuhuri, Kulwa anasema Doto amekula ndizi yake, Doto anasema aliyekula ni Kulwa mwenyewe, Hamisi anachochea. Raha tupu.

Ngoja.

Sisikii kitu. Naenda kuangalia.

Baba Mwajuma