Asubuhi Kioo Kilipotulia

Mujukuu wangu Mado,

Nyanya yako anakusalimia, mguu wake unaendelea vizuri. Unauliza kama profesa wako anawachezea, anaposema kitu kinachochemka kinaweza kupoza mashine ya umeme. Ni kweli, mama.

Miaka ile kila kitu kilipoanza kuanguka, miye nililinda mashine za kubadilisha umeme kiwandani, Shituru. Zilizamishwa ndani ya chombo chenye majimaji yanayochemka upesi. Mvuke ulipanda na joto, ukapoa juu kwenye bomba, ukarudi chini matone. Kila asubuhi tulichungulia kwenye kioo, kisha tukaweka kiganja kwenye chuma. Ndani inachemka, nje ni vuguvugu tu.

Asubuhi moja sikuona hata povu. Nikafurahi, nikamwita mkubwa wangu wa kazi.

"Chef, leo imetulia."

"Haichemke?" Kikombe kilimtoka mkononi. "Kata courant, kata umeme wote. Mbio."

Nilikuwa nimeshaweka kiganja. Ngozi ilibaki kwenye chuma. Majimaji yalikuwa yamechotwa, na mashine ilikuwa inaungua bila sauti. Nani aliyachota na kwa njaa gani, tuyaache.

Lile kovu ulilokuwa unalishika ukiwa mutoto ndilo hilo. Bado linanishtua.

Zamani ulituandikia kila juma, malalamiko tele. Halafu miezi mitatu hakuna neno, nasi huku tukafurahi, tukasema Mado ametulia. Jana swali lako hili lilipofika, bila lalamiko hata moja, nikatazama kiganja changu.

Mama, ni nini kimekauka huko?

Kambo yako, babu wa Likasi