Bwawa la Nyuma ya Karakana

Karakana ya baba,
Jumapili asubuhi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama anauliza kama unalikanda kwa maji ya moto au unalidanganya kwa vidonge tu. Sisi hatujambo, ila kaka yako amenenepa na hataki kuambiwa.

Nina habari njema. Unalikumbuka lile bwawa ulikokuwa ukitufulia nguo? Mbu walizidi hadi mtaa ukaamua lifukiwe, na baba ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kudai kifusi. Mimi, mwanawe niliyesomea ikolojia, niliomba nilichunguze kwanza. Tukanuniana, Shangazi, hata chumvi ikawa inapitia kwa mama.

Nilikwenda na wenzangu wa chuoni. Tulipima maji, tukachota tope kwa wavu, tukahesabu konokono, samaki, mimea, kila kilichomo. Kazi yetu si kumtazama mdudu mmoja; ni kujua nani anamla nani, nani anamhifadhi nani, na maji, udongo na jua vinawabebaje wote. Huo ndio mfumo ikolojia. Kwa lugha ya nyumbani, ni ukoo.

Upande wenye matete, samaki na watoto wa kereng'ende walikuwa wakijilia viluwiluwi vya mbu. Upande wa pili maji yalikuwa yameoza, samaki wamekosa hewa, na viluwiluwi, ambavyo huvuta hewa juu ya maji, vikatamalaki. Kilichoyaozesha ni maranda ya mbao. Seremala wa karibu ni mmoja tu, unamjua.

Nilimweleza baba kabla ya mkutano wa mtaa. Alifuta miwani yake. Kisha akasema, “Basi nitasema mwenyewe.”

Na kweli alisimama mbele ya watu wote akasema. Hakuna aliyemcheka. Waliamua bwawa libaki, wakaja na majembe kuopoa uchafu, yeye akiongoza. Maranda sasa anampa jirani mfuga kuku.

Mbu wamepungua, samaki wamerudi, na vyura wanapiga kelele kuliko mimi. Jana kereng'ende alitua kwenye ubao ambao baba alikuwa akiupiga randa. Akaweka randa chini, akasubiri mpaka aruke mwenyewe, na mteja akasubiri naye.

Mama na kitindamimba wetu wanakusalimu. Msalimie mjomba na mapacha. Mungu akupe goti jepesi na moyo mkunjufu.

Mwanao asiyekusahau,
Chiriku