Picha ya Mwenyekiti

Nakuru, Jumamosi, Agosti 1957

Na bado najiita mchoraji!

Mwezi mzima nimekuwa nikifunga duka mapema ili nichore picha ya Mzee Cheruiyot, mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara. Ana kinu cha unga kule Njoro na anatafuta mtu wa kumuuzia unga wake hapa mjini. Nilifikiri zawadi kama hiyo, tena mbele ya watu, haiwezi kumtoka akilini.

Leo kwenye chai ya chama nikaifunua. Mzee akavaa miwani, akaiangalia sana.

"Mzee wa heshima huyu," akasema. "Ni baba yako?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana anayempenda baba yake hivi hawezi kuniibia. Unga wangu utauza wewe."

Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, kama mjinga.

Nilipomweleza mke wangu, Rebeka, alicheka mpaka akakaa chini. Kazi nimepata, nashukuru Mungu. Lakini Mzee ameahidi kuja kwetu Jumapili ijayo kumsalimu baba, na mimi nimechora mtu mnene mwenye ndevu, ilhali baba yangu ni mwembamba kama ufito, hana hata ndevu. Mzee akigundua, nimekwisha.

Rebeka anasema nisiogope.

"Picha yako haifanani na mtu yeyote," anasema. "Mwache baba akae karibu nayo. Atafaa tu."